Staringi Hafi: Ya Kale na Uthubutu katika Mabishano ya Watazamaji wa Filamu, Nairobi Mashariki

Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hadi Buruburu, Dandora na Kayole, iko sheria moja ya hadithi ambayo watoto wengi waliopata kuketi juu ya benchi la kibanda cha video waliijua kabla hawajajua kusoma sawasawa. Sheria yenyewe ni ya maneno mawili: staringi hafi. Staringi ndiye mhusika mkuu wa filamu, na apinganaye naye huitwa adui. Staringi apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba imporomokee, mwishowe ataonekana akiinuka na kujipangusa vumbi. Mtazamaji mgeni anayeanza kumsikitikia mapema huchekwa na wenzake.

Makala haya yanakusudia kuichunguza sheria hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyo chini ya mabishano yanayozuka kila mara mfululizo wa filamu wa zamani unapoongezewa filamu mpya. Swali la mabishano hayo hujulikana: je, watungaji wathubutu kuvunja yale waliyoyazoea watazamaji, ama wawarudishie yale yale waliyoyapenda? Mfano utakaotumiwa ni mfululizo wa "The Terminator", bunilizi ya kisayansi ya Kimarekani iliyotoa filamu sita kati ya 1984 na 2019, na ambayo katika mitaa hii ina wapenzi wa rika mbili: waliouona kwa kanda za video, na watoto wao waliouona kwa diski na simu.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kwanza. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza kilichoandikwa katika matangazo ya filamu, na mwanzoni mwa filamu zenyewe, kabla ya jina la mchezaji maarufu. Watazamaji hawakulisoma kama kitenzi. Kwa kuwa neno lilitangulia jina la mtu, walilichukua kuwa cheo chake, kama vile mtu asomapo Sheikh au Kapteni. Hivyo kitenzi kikageuka nomino, nayo ikapewa upatanisho wa viumbe wenye uhai: staringi amefika, mastaringi wamefika. Tanzania nako husemwa steringi, na asiyejua asili angesamehewa akidhani kwamba neno limetoka katika usukani wa gari, maana mwenye cheo hicho ndiye aiongozaye hadithi.

Tofauti baina ya staringi na "mhusika mkuu" wa vitabu vya uhakiki si ndogo. Mhusika mkuu ni kiumbe wa hadithi. Hadithi ikiisha, naye ameisha. Staringi ni mhusika na mchezaji kwa wakati mmoja, nao watazamaji hawaoni haja ya kuwatenganisha. Sylvester Stallone, baada ya filamu ya 1982 iliyomtoa kama Rambo, aliendelea kuitwa Rambo hata alipoonekana akicheza bondia. Kwa hiyo sheria ya kwamba staringi hafi haisemi tu kwamba mhusika huyu ataokoka leo. Husema pia kwamba mwili ule, uso ule na sauti ile vitaonekana tena wiki ijayo katika kanda nyingine. Hapo ndipo penye siri ya neno hili, na hapo ndipo mabishano yote yanapoanzia.

Si ajabu kwamba istilahi ya namna hii imestawi Nairobi Mashariki. Wataalamu wa Sheng, tangu Abdulaziz na Osinde katika makala yao ya 1997 hadi Githiora katika kitabu chake cha 2018, wameeleza uhusiano wa msimbo huo na mitaa hii ya makabila mengi, ambamo Kiswahili ni lugha ya nje ya mlango na lugha za mama ni za ndani. Filamu ni chemchemi mojawapo ya msamiati wake. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni Makmende. Asili inayokubaliwa na wengi ni maneno matatu ya Kiingereza aliyoyatamka Clint Eastwood katika filamu ya "Sudden Impact" ya 1983, akimkejeli mhalifu ajaribu bahati yake. Watoto waliyasikia maneno hayo kama jina moja la mtu, na katika miaka ya 1990 mtoto aliyejitia ushujaa asiouweza aliulizwa kama anajidhani yeye ni Makmende. Mwaka 2010 kundi la muziki la Just a Band likamtoa Makmende akiwa mtu kamili katika video ya wimbo wao "Ha-He", amevaa na kupigana kama mashujaa wa filamu za Wamarekani weusi za miaka ya 1970. Sentensi ikawa kejeli, kejeli ikawa mhusika, na mhusika huyo akapendwa na vijana ambao wengi wao hawakuwa wameiona filamu ya Eastwood. Lilikuwa jambo la kale, na lilikuwa jipya kabisa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye madai kwamba ya kale na mapya ni maadui.

Ama vibanda vya video, vilienea tangu kanda za video zilipoanza kupatikana kwa wingi katika miaka ya 1980. Televisheni iliinuliwa juu, mabenchi yakapangwa, dirisha likazibwa kwa gunia au blanketi, na ubao wa chaki nje ukatangaza filamu za siku. Kiingilio kilikuwa sarafu chache. Kiingereza cha filamu, hasa cha Kimarekani kinachomezwa katikati ya milipuko, hakikueleweka na wengi waliokuwamo. Pengo hilo likajazwa na msimulizi, ambaye Kenya huitwa dije na Uganda vije. Msimulizi hupunguza sauti ya filamu na kusema juu yake kwa Kiswahili na Sheng: huwapa wahusika majina ya nyumbani, huwatangulizia watazamaji habari ya hatari inayokuja, huwatania wapumbavu, na aghalabu humtambulisha staringi mapema ili mtu asipoteze huruma yake kwa asiyestahili. Ajulikanaye zaidi nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika mbali sana na Nairobi. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Uganda kazi ya vije imekuwa fani yenye heshima yake, hata filamu ya Wakaliga, "Who Killed Captain Alex?" ya 2010, ikaenea duniani ikiwa na sauti ya msimulizi ndani yake.

Sasa na itazamwe filamu yenyewe. Ile ya kwanza, iliyoongozwa na James Cameron na kutolewa 1984, inaeleza habari za mashine yenye umbo la mtu iliyotumwa kutoka mwaka 2029 ili kumwua Sarah Connor, mhudumu wa mkahawa, kabla hajamzaa mwana atakayewaongoza watu dhidi ya mashine. Askari aitwaye Kyle Reese anatumwa nyuma yake amlinde. Jina la kwanza katika tangazo la filamu hiyo ni la Arnold Schwarzenegger. Kwa kanuni ya cheo, basi, yeye ndiye staringi. Lakini ndiye mashine, ndiye mwuaji, na mwishowe anapondwapondwa na mtambo wa kiwandani. Mlinzi naye, ambaye mtazamaji aliyekata tamaa na Schwarzenegger angemhamishia cheo hicho, anakufa kabla filamu haijaisha. Anayebaki ni mwanamke ambaye mwanzoni alikuwa akikimbia tu. Sheria imevunjwa mara mbili katika muda usiofika saa mbili.

Mwaka 1991 Cameron alitoa filamu ya pili, naye akaugeuza mkeka. Mwili ule ule wa Schwarzenegger ulirudi ukiwa mlinzi wa mtoto, John Connor, na adui sasa ni mtu mwembamba mwenye mavazi ya polisi, aliyeumbwa kwa chuma kinachotiririka kama zebaki. Watungaji walikuwa wameipanga filamu ili mtazamaji asijue kwa muda nani kati ya wawili hao ni rafiki, lakini matangazo ya biashara yakaifichua siri hiyo mapema. (Wasimulizi wa vibandani, ambao hulaumiwa na wasomi kwa kufichua mambo kabla ya wakati, wana wenzao Hollywood.) Mwishoni mlinzi huyo, baada ya kumshinda adui, anaomba ateremshwe ndani ya chuma kilichoyeyuka, ili elimu iliyomo kichwani mwake isije ikazaa mashine nyingine. Anazama akiwa amenyosha kidole gumba juu.

Filamu hizi mbili ndizo zinazotajwa leo kuwa kipimo cha wema wa kale. Anayetaka kuonyesha kwamba watungaji wa siku hizi wamepotoka huzitaja hizo. Lakini kila moja ilimwua aliyekuwa na cheo cha staringi, na ya pili ilimgeuza adui wa jana kuwa baba wa leo, jambo ambalo lingeweza kuwachukiza wote walioipenda ya kwanza. Kinachoitwa mapokeo ya mfululizo huu ni uthubutu ambao ulifaulu, na kwa kuwa ulifaulu umesahauliwa kwamba ulikuwa uthubutu. Kumbukumbu imeitengeneza filamu iafikiane na sheria. Kidole gumba kile kimesaidia sana: mtazamaji hukumbuka ishara ya kuaga kwa muda, wala hakumbuki kifo. Staringi amezama, hakufa.

Yaliyofuata yalihitaji kuamua kati ya njia mbili. Filamu ya tatu, ya 2003, ilikwenda kwa mwendo wa kuiga hadi dakika zake za mwisho, ambapo vita vya nyuklia, vilivyoepushwa kwa jasho katika filamu ya pili, vinatokea kweli na hakuna wa kuvizuia. Huo ulikuwa mwisho wa ujasiri kuliko yote ya mfululizo baada ya Cameron, nao hautajwi sana na watetezi wa upande wowote. Pengine kwa sababu umejificha ndani ya filamu ambayo kwa mengine haikumshangaza mtu. Ya nne, ya 2009, ilitolewa wakati Schwarzenegger akiwa gavana wa California. Uso wake wa ujanani ulitengenezwa kwa kompyuta na kuwekwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Ya tano, ya 2015, ilivirudia kwa makusudi vituko vya 1984 na kumpiganisha Schwarzenegger mzee na sura yake ya ujana, huku ikimfanya John Connor mwenyewe kuwa adui. Ya sita ilikuja 2019, ikiitwa "Terminator: Dark Fate". Linda Hamilton alirudi kama Sarah Connor, Cameron akarudi kama mtayarishaji, na katika dakika za mwanzo kabisa John Connor, akiwa bado mtoto, akauawa kwa risasi na mashine yenye sura ya Schwarzenegger.

Hapa ndipo watazamaji wanapogawanyika, na si Nairobi tu. Lakini hoja zinazotolewa kinyozini na kwenye vituo vya matatu za mitaa hii zina sura yake. Kundi la kwanza husema kwamba kumwua mtoto yule ni kuibatilisha filamu ya 1991 nyuma ya mgongo wake. Kama aliokolewa kwa saa mbili na robo za mbio, na kwa kujitoa mhanga kwa mlinzi wake, kisha akauawa kwa dakika moja katika filamu ya watu wengine, kuokolewa kule kulikuwa na maana gani? Mtungaji huyo, husema, hakuhatarisha mali yake. Amekula akiba ya mwenzake. Kundi la pili hujibu kwamba John Connor alikuwa ahadi isiyolipwa kwa miaka thelathini na mitano, kiongozi anayesifiwa kila mara kwa ushindi ambao watazamaji hawakupata kuuona, na kwamba nafasi yake kupewa Dani Ramos, mfanyakazi wa kiwanda wa Meksiko, kuliileta hadithi karibu zaidi na wale wanaoitazama. Mtu wa Makongeni au wa Kaloleni, ambaye baba au babu yake alikuwa kibarua wa reli, ana sababu ya kuielewa hoja hiyo kuliko mhakiki wa Los Angeles.

Kwa kupima, kundi la kwanza lina haki zaidi, ingawa si kwa sababu wanayoitoa. Kosa la "Dark Fate" halikuwa kumwua John Connor. Kosa lilikuwa kwamba baada ya kumwua, filamu ilijenga upya nyumba ile ile kwa majina mengine: mtandao wa mashine ukabadilishwa jina, mtoto akabadilishwa, mlinzi akabadilishwa, na mbio zikaendelea kwa msuko wa 1984. Ulithubutu katika wahusika na kuogopa katika muundo. Mwaka 1991 ilikuwa kinyume: wahusika walirudi wale wale, na uhusiano baina yao ndio uliopinduliwa. Mfano wa namna hiyo unaonekana pia katika "Star Wars". Filamu ya 2017 ilitangaza kwamba wazazi wa shujaa wake, Rey, hawakuwa watu wa kutajika. Ile ya 2019, baada ya makelele ya wapenzi, ikampatia babu mwenye cheo kuliko wote, yaani mtawala wa giza mwenyewe. Wapenzi wa Kenya, waliojivunia kwamba Lupita Nyong'o yumo katika filamu hizo tangu 2015 ingawa uso wake umefichwa nyuma ya kiumbe wa kompyuta, waliuona utungaji ukirudi nyuma hatua kwa hatua.

Kiswahili kina neno kwa hamu hiyo ya ya kale, na neno hilo lina mafunzo kuliko istilahi ya Kizungu, ambayo ilibuniwa 1688 na tabibu Johannes Hofer kwa ajili ya ugonjwa wa kutamani nyumbani. Neno hilo ni zilizopendwa. Kwa asili latajwa kwa nyimbo za zamani, lakini upatanisho wake wa ngeli huruhusu pia filamu. Ndani yake mna kiambishi cha wakati uliopita na kauli ya kutendwa: zilipendwa, na anayependa hatajwi. Anayesema kwamba anataka zilizopendwa hasemi kwamba vitu hivyo ni bora. Husema kwamba palikuwa na watu waliovipenda, naye alikuwa mmoja wao, na kwamba sasa watu hao wametawanyika. Anachokililia ni benchi, na waliokuwa wameketi juu yake. Hakuna studio iwezayo kumrudishia hilo kwa kumpaka rangi mchezaji wa miaka sabini na miwili.

Yafaa kuongeza kwamba sheria ya staringi haikurithiwa kutoka fasihi ya Kiswahili, kama inavyodhaniwa pengine na wale wanaoiona kuwa tabia ya hadithi za Kiafrika. Fumo Liyongo, katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913, alikuwa mtu asiyedhurika na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani angali hai. Hadhira ya utenzi haikudai arudi katika utenzi wa pili. Sheria ya kwamba staringi hafi ni sheria ya soko: mwili wa mchezaji ni mtaji, na mtaji hauzikwi. Mtoto wa Jericho au Bahati aliipokea kama kanuni ya fani, akaitetea kwa dhati, bila kujua kwamba ameitetea hesabu ya kampuni.

Tena kampuni hizo hazikumhesabu. "Dark Fate" ilitangazwa kuwa hasara kwa kupima tiketi za Marekani, China na Ulaya. Shilingi za kibandani, za diski iliyonakiliwa na za duka la muvi ambamo filamu hutiwa katika flashi, hazimo katika hesabu hiyo na hazijapata kuwamo. Kwa hiyo mashabiki wa mitaa hii hubishana bila kura. Makelele yao hayawezi kumlazimisha mtayarishaji abadili hata neno. Yaweza kusemwa kwamba kwa sababu hiyo mabishano yao ni ya fasihi tupu, kama yalivyokuwa mabishano ya washairi baada ya Kezilahabi kutoa "Kichomi" mwaka 1974 bila kuzifuata kanuni za vina na mizani alizokuwa ameziandika Amri Abedi miaka ishirini kabla.

Lakini iko njia moja ambayo watazamaji hawa waliweza, na wengine bado wanaweza, kuibadili filamu, nayo ni msimulizi. Akitaka, staringi aliyezama huahidiwa kurudi. Mwanamke aliyeonekana dhaifu hupewa jina la mama fulani wa mtaani na kuanza kuogopwa. Dakika kumi za maelezo ya kompyuta zilizochosha huwa utani juu ya bei ya sukari. Filamu ile ile ya 1984, ikisimuliwa mara mbili, si filamu moja. Lugha yenyewe huonyesha kazi hiyo. Msimulizi wa kibandani, kwa kuwa picha iko mbele ya macho, hutumia zaidi -na- na -me-: anakuja, amemwona, amekwisha. Mtoto anayeisimulia filamu hiyo kesho yake uwanjani mwa shule hubadili na kutumia -ka-: akaja, akamwona, akamrukia. Kwa viambishi hivyo filamu ya kigeni imehamishwa kutoka utazamaji hadi ngano, na katika safari hiyo hupata mabadiliko ambayo hakuna mtayarishaji angeyathubutu.

Usimulizi huo, hata hivyo, haujakusanywa ipasavyo. Ule wa vibandani wa miaka ya 1980 na 1990 ulikuwa wa mdomo mtupu mbele ya watu thelathini au arobaini, na haukurekodiwa. Uliotiwa katika kanda umeharibika pamoja na kanda. Na ule wa diski na wa simu uko mikononi mwa wauzaji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri yake, na wasimulizi kwa kawaida hawakuomba ruhusa hiyo. Kwa hiyo maktaba inayofuata sheria huona shida kuupokea usimulizi huo ukiwa umeshikamana na picha. Sauti peke yake, bila picha, ingeweza kuhifadhiwa kwa urahisi zaidi, na kwa mchunguzi wa viambishi vya wakati, wa majina ya wahusika na wa utani, sauti hiyo ingetosha. Baadhi ya waliosimulia katika vibanda vya kwanza wangali hai, na wanakumbuka filamu nzima kwa mpangilio wake, pamoja na walivyoibadili.